Alionja Kwanza, Nikaamini

Mwamvua mwanangu,

Nakusalimu ukiwa nyumba ya pili tu kutoka hapa. Wanakupaka hina kwa shangazi yako, na kicheko chako nakisikia kikipita juu ya ua. Si kawaida kumwandikia barua mtu ambaye ukipaza sauti ataitika, lakini huko umezungukwa na wanawake wa mtaa mzima, na haya ninayotaka kusema si ya kusemwa mbele yao. Kesho alfajiri nako wapiga kasia hawatatupa nafasi hata ya kulia vizuri. Basi nimechukua kalamu ya baba yako, nimekaa mlangoni penye mwanga, nakuandikia kwa herufi hizi nilizokufundisha mwenyewe kwenye mchanga wa ziwani ulipokuwa huna meno ya mbele. Utaikuta barua sandukuni, na kama nakujua, utalifungua hata kabla hamjafika Kabonga, achilia mbali Ujiji kwa mumeo.

Sitakuambia habari za kupika wala kufagia. Unapika vizuri kuliko mimi. Mchuzi wako wa samaki mukeke kwa mawese baba yako ameshaanza kuulilia tangu juzi, ingawa anasingizia moshi. Mambo ya mume na mke somo yako amekueleza, tena naona amekueleza mengi kuliko yaliyohitajika. Mimi nina neno moja tu, nalo ni juu ya ile chupa.

Sikukupekua. Nilikuwa napanga leso zako upya ili sahani zisivunjike njiani, mkono ukaigusa: kichupa kidogo, kizibo cha nta, uzi mwekundu shingoni. Nilipokuuliza uliinamisha kichwa, ukasema ni dawa ya kupunguza mwili, umeinunua kwa yule mchuuzi aliyekuja na mitumbwi ya chumvi. Nikakuuliza ina nini ndani. Ukajibu, "Sijui, mama, lakini nilimwona akionja."

Nilitoka nje nikajifanya natazama kuku. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu, niliogopa. Maneno yale niliwahi kuyasema mimi, katika nyumba hii hii, kabla hujazaliwa, na nusura nikukose kwa ajili yake.

Ngoja nikuambie nilivyokuwa. Nilipoolewa na baba yako nilikuwa mnene, na niliupenda unene wangu. Siku zile Rumonge ilikuwa ndogo, nyumba chache za udongo na michikichi nyuma yake, na upepo ukitoka Kigwena ulikuja na harufu ya mawese yanayochemshwa mpaka nguo zetu zikawa zinanukia chakula. Warundi walishuka milimani na siagi na mbuzi, sisi tukawapa chumvi ya Uvinza na ndagaa, na jioni tulijua nani kapika nini kwa kunusa tu. Mwanamke mwenye mwili alikuwa sifa ya mumewe. Nikipita sokoni wanawake walinitania, "Zaituni, tuachie njia kidogo!" nami nilizidi kujitanua. Siku moja walinipandisha kwenye mizani ya chumvi ya baba yako, upande mmoja mimi, upande mwingine magunia, wakawa wanaongeza gunia na mimi sinyanyuki. Tulicheka mpaka kamba ya mizani ikakatika, nikaanguka na chumvi yote. Baba yako hakucheka siku ile, lakini alicheka miaka mingi baadaye, na wewe umeisikia hadithi hiyo mpaka umeichoka.

Naukumbuka mwili ule kama mtu anavyoikumbuka nyumba aliyokulia. Sikuwa na ugomvi nao hata kidogo. Ugomvi uliletwa na midomo ya watu, kwa sababu mtoto alichelewa.

Mwaka wa kwanza waliniombea dua. Wa pili walianza kunong'ona juu yangu. Baadaye hawakunong'ona tena, walisema nikiwa pale pale. Mkunga mmoja wa mtaani, Mungu amrehemu, alinishika tumbo kama anayechagua boga sokoni, akasema, "Mafuta ndiyo yamefunga mlango. Pungua, utazaa." Nikaona haya, nikataka kuondoka. Akanivuta mkono: "Mficha uchi hazai, bibi." Nikarudi nyumbani na neno lile, nikalala nalo, nikaamka nalo. Kuanzia hapo kila nilichokila nilikiona kinakula nafasi yako.

Ukinielewa hapo, utaelewa yaliyofuata. Wifi yako alipokuja kukuona alikufinya mkono akacheka, akasema Ujiji wanawake wa umbo kama lako hukaa miaka bila mtoto. Nilimsikia, nikanyamaza kwa adabu ya mgeni. Adabu ile najuta. Ningemwonyesha sanduku la nguo zako za utotoni na kumwambia mama wa umbo kama hilo ndiye aliyezishona.

Basi, mfa maji hukamata maji. Alikuja mtu mmoja kutoka upande wa Uvira, mchuuzi wa ushanga na sindano, na katikati ya ushanga alikuwa na kibuyu kilichofungwa kwa ngozi. Alijua nyumba ya kusimama. Watu wa namna ile hutangulia kuuliza sokoni nani anahangaika na nini. Alikaa kibarazani kwetu, baba yako akiwa safarini Uvinza.

"Amahoro, mama."

"Amahoro."

"Nasikia unatafutaka dawa ya kupunguza mwili. Hii ndiyo yenyewe. Unamujua ule muke wa Mwarabu wa kule kwetu? Alikuwa kama pipa! Sasa iko na batoto bawili."

"Ina nini ndani?" Nilianza kuuliza hivyo, naapa nilianza. Lakini alikuwa ameshafungua kibuyu, akamimina kidogo katika kifuu, akanywa mbele yangu funda moja, akapangusa mdomo, akanitazama.

Wewe umekulia hapa, wajua maana yake. Kwetu mtu hampi mwenzake kinywaji bila kuonja kwanza, kutoa uchawi. Tumerithi hivyo, wa milimani na wa ziwani, Waislamu na wasio Waislamu. Mtu akishaonja, mambo yamekwisha. Ukiendelea kumuuliza ametia nini, umemwita mchawi mchana kweupe. Mimi binti wa watu, niliyelelewa kwa heshima, ningemwitaje mgeni mchawi kibarazani kwangu? Nikalimeza swali langu. Nikamshukuru, "Murakoze," nikampokea kibuyu kwa mikono miwili.

Tazama sasa nilivyodanganyika, na hakunidanganya yeye peke yake. Alinitajia wote waliokunywa, hakunitajia kilichomo. Nilipomgusia tena kwa mzunguko, alisema ni siri ya babu yake. Alinikataza kumwambia mume wangu, akadai jicho la mwanamume huiharibu dawa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na dawa ile ilikuwa imetembea kutoka ng'ambo ya ziwa mpaka mlangoni kwangu. Yote hayo niliyasikia na kuyaona. Lile funda moja likayafunika yote.

Nilikunywa kila asubuhi kabla ya kula. Na ilifanya kazi, Mwamvua, usidhani nakuficha. Nilikuwa nakimbilia uani tangu jua likichomoza mpaka adhuhuri, na mwili ukaenda. Leso iliyonizunguka mara moja ikanizunguka mara mbili. Nilifurahi kama mjinga. Nilijitazama kwenye maji ya mtungi nikasema, mlango unafunguka.

Lakini wembamba siku zile haukuwa habari njema. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeanza kutajwa upande wa pili wa ziwa, kwamba mtu hukonda, husinzia mchana, kisha haamki. Mimi nilikuwa nimekonda, na kwa ule udhaifu nilisinzia hata kwenye mawe ya kufulia. Kwanza jirani aliacha kuazima kinu changu. Kisha watoto wakakatazwa kupita uani kwetu. Nikaenda sokoni, wale wale waliokuwa wakiniambia niwaachie njia, wakaniachia njia kweli, na hakuna aliyecheka. Hilo liliniuma kuliko tumbo. Mwishowe wazee walikuja kusema na baba yako, aliyekuwa amerudi, kwamba nijengewe kibanda peke yangu kule pembezoni mwa msitu wa Kigwena, nikae huko mpaka ijulikane.

Baba yako aliwaomba wamngoje mama yake. Bibi yako alikuja kwa miguu kutoka Muhuta, na kibuyu cha pombe yake ya ndizi kichwani, maana hata kwa mwana aliyesilimu hakwenda mikono mitupu. Hakuniogopa. Alikaa kitandani pangu, akanifunua macho, akaninusa mdomo kama anavyonusa mtungi.

"We mukazana, muke ya mwana wangu, unakunywa nini?"

"Dawa, mama."

"Ya nini?"

"Ya kupunguza mwili."

"Iko na nini ndani?"

Nikavuta leso usoni. Kisha nikasema, "Mwenyewe alionja."

Akaniomba niilete. Akamimina kiganjani, akanusa, akaweka tone ulimini, akatema. "Hapa iko mbono. Ile ya kupanda kwa makaburi. Na iko kitu kingine, sikijue." Hicho kingine, mwanangu, mpaka leo sikijui. Kilipita tumboni mwangu na sitakijua mpaka nife.

"Lakini alionja, mama. Nilimwona."

Bibi yako hakunicheka. Alinishika kichwa akakilaza pajani kwake. "Sikiliza. Mimi napika pombe tangu niko musichana. Naonja mbele ya mugeni, ndiyo. Ni ya kusema: haitakuua leo. Basi. Ya kesho haiseme. Alikunywa mara moja, akaenda zake. Wewe umekunywa asubuhi ngapi?"

Nilianza kuhesabu kwa vidole. Naye hakungoja nimalize. Aliitoa dawa chumbani, akanisongea uji mwepesi, akanikalisha juani mbele ya nyumba ili watu wote wanione naamka. Siku zilivyopita nguvu zilirudi, na usingizi wa mchana ukaisha. Habari ya kibanda ikafa yenyewe. Kichefuchefu tu ndicho kilikataa kuondoka. Nikalia, nikamwambia dawa imebaki ndani, haitatoka tena. Bibi yako akaweka kiganja chake chini ya kitovu changu, macho yakamjaa machozi.

"Huyu hapana dawa," akasema. "Huyu ni mutu."

Nilikuwa nakutafuta kwa dawa, na wewe ulikuwa umeshafika. Mafuta hayakuwa yamefunga mlango wowote. Asubuhi zile zote nilizojikunja uani nikishukuru kwamba mwili unapungua, ulikuwa umejishikilia ndani yangu peke yako, mdogo kuliko punje ya hindi, na mimi mama yako ndiye niliyekuwa nakutikisa. Siku hiyo nilimwambia Mungu nitakuwa mnene mpaka kaburini, akupe wewe tu.

Miezi iliyobaki sikulala vizuri hata usiku mmoja. Nilikuwa najiuliza kile kitu cha pili kimekugusa wapi. Ulizaliwa mvua ikipiga majani ya paa mpaka hatukusikiana, ndiyo maana ukaitwa Mwamvua. Ulikuwa mdogo sana. Bibi yako alipokuweka mikononi mwangu sikukubusu, nilikukagua kwanza vidole, masikio, macho, kama mtu aliyenunua kitu gizani. Nilipoona umetimia ndipo nikalia. Na ulipoanza kunenepa, mwanangu, mashavu yakafunika pua, mikono ikawa na mikunjo kama iliyofungwa uzi, hakukuwa na mwanamke aliyeringa Rumonge kama mimi. Nilikubeba sokoni nikakuweka kwenye mizani ya baba yako, wale wanawake wakaanza tena: "Zaituni, tuachieni njia kidogo!" Kwa jambo hilo sijamshukuru Mungu vya kutosha.

Mwili huo ndio aliofinya wifi yako.

Yule mchuuzi alirudi, wewe ukiwa unatambaa. Nilimkaribisha kibarazani kwa heshima zote. Nilikuwa nimebakiza kidogo ya dawa yake katika chupa, bibi yako akinigombeza kwa nini siimwagi. Nikaimimina yote ndani ya kikombe, nikamsogezea. "Onja," nikamwambia, "halafu mara hii maliza."

Akacheka. "Mama, nimetoka kula mingi."

"Nitangoja chakula kishuke."

Akanitazama, akamtazama bibi yako aliyesimama mlangoni na mchi wake, akakusanya ushanga. Akasema kwa sauti, majirani wasikie, kwamba namwita mchawi. Zamani neno lile lingenifunga mdomo. Siku ile nilimjibu, kwa sauti hiyo hiyo, kwamba simwiti mchawi, namuuliza ametia nini, na mtu aliyetia kitu chema angejibu kabla hata sijamaliza kuuliza. Hakutaja hata jani moja. Aliondoka, na hakurudi tena.

Sikwambii kila mwenye dawa ni mwongo. Bibi yako alinitibu kwa mizizi maisha yake yote, lakini alipokupa mzizi alikupeleka ukauone mti, akakuonyesha jani lake, akakuambia ukizidisha utaona hivi, na ukiona hivi, acha. Ulikuwa huna umri wa kwenda sokoni peke yako, na tayari ulijua unapewa nini. Mtu akikupa dawa namna hiyo, pokea. Akiifunga kwa ngozi, akakukataza kumwambia mumeo na mama yako, jiulize kwa nini dawa nzuri namna hiyo inaogopa watu wanaokupenda.

Wala sikukatazi kupungua. Mwili ni wako, na magoti yangu siku hizi yananiambia mengi ambayo sikutaka kuyasikia nikiwa kijana. Ukitaka kupungua, pungua, lakini iwe kwa sababu uliyoiona wewe, isiwe kwa kidole cha mtu kilichokufinya. Na mtoto akichelewa, mwache achelewe. Njoo hapa ukae nami, tule ndagaa, tuwaseme wifi zako. Lakini usimtafute kwa kitu usichokijua. Huenda ameshafika.

Chupa yako sikuitupa. Nilifika nayo mpaka majini, nikarudi. Nikiitupa mimi, utanunua nyingine Ujiji, na hiyo ya pili hutaniambia. Nataka uendelee kuniambia. Kwa hiyo nimeizungushia barua hii, nimeifunga kwa uzi wake ule ule mwekundu. Asiyetaka kunisoma hawezi kuinywa. Ukishasoma, uamuzi ni wako, na mimi nitakuwa mbali, jambo ambalo moyo wangu bado haujalikubali.

Kicheko chako nimekisikia tena sasa hivi. Nadhani shangazi yako amesimulia ile ya mizani.

Kesho nitakuletea uji wa safari pale ufukweni. Nitaonja kwanza mbele ya watu, kama desturi, na wewe hutaniuliza kitu, maana mimi ni mama yako. Basi nakujibu kabla hujauliza: ni ulezi wa shamba letu, maziwa ya ng'ombe wa jirani, asali ya milimani na tangawizi kidogo. Hakuna kingine. Halafu nitajimiminia kikombe kizima na kukinywa mpaka kiishe, nikiwa nimesimama ndani ya maji, na wapiga kasia watacheka, na shangazi yako atasema, Zaituni, leo ni siku ya kumuaga mwanao na wewe unakula. Sitawajibu. Wewe ukifika hapa katika barua utajua kwa nini nilimaliza.

Ni mimi mama yako,
Zaituni binti Feruzi